Vikwazo vya wanawake kupanda kazini Dar es Salaam

Vikwazo vya wanawake kupanda kazini Dar es Salaam ni mambo ya kisheria, kimila, kifedha na kifamilia yanayomzuia mwanamke ambaye tayari ana kazi asifike ngazi za juu za kazi hiyo. Makala hii inahusu hasa katikati ya jiji (Posta, Kivukoni, Kisutu) pamoja na eneo la biashara la Kariakoo. Sehemu hizo mbili zinatenganishwa na viwanja vya Mnazi Mmoja na Barabara ya Bibi Titi Mohamed, lakini zinategemeana: upande mmoja ni wa ofisi na benki, upande mwingine ni wa maduka ya jumla, masoko na wachuuzi.

Katika sehemu zote mbili wanawake hawakosekani kazini. Wako kwenye madirisha ya benki, kwenye mapokezi ya ofisi, kwenye kaunta za maduka ya vitenge, kwenye vibanda vya huduma za pesa kwa simu na kwenye majiko ya mama lishe. Kwa sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Jambo linalohitaji maelezo ni kwamba wanawake hupungua kadiri cheo au mtaji unavyoongezeka.

Katika nchi za Magharibi hali hii huitwa "dari la kioo", msemo ulioanza kutumiwa na Mmarekani Marilyn Loden mwaka 1978. Msemo huo unaeleweka kwa ofisi za Posta zenye madaraja ya vyeo. Kwa Kariakoo haufai sana, kwa kuwa huko mtu hapandishwi cheo na yeyote. Hupanda kwa kuaminiwa mali, kupata fremu na kujulikana na wenye mzigo.

Historia

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Chini ya Waingereza mji uligawanywa kwa rangi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo na Ilala. Kazi za mshahara zilikuwa bandarini, kwenye reli, ofisini na katika nyumba za Wazungu na Wahindi, na karibu zote zilipewa wanaume. Hata upishi na ufuaji wa nguo, ambao nyumbani kwa Mwafrika ulihesabiwa kuwa wa mwanamke, mjini uligeuka kazi ya "boi" pale tu ulipoanza kulipwa mshahara.

Wanawake wa Kariakoo walijitafutia kipato nje ya mfumo huo. Waliuza maandazi, vitumbua, samaki na pombe, na baadhi yao walipangisha vyumba. Kazi hizo hazikuwa na cheo wala kiinua mgongo, lakini ziliwapa fedha isiyopitia mkononi mwa mume. Mwanahistoria Susan Geiger, katika kitabu chake TANU Women cha mwaka 1997, alionyesha kwamba wanawake wa namna hiyo ndio waliokuwa nguzo ya TANU mjini. Chama hicho kilizaliwa Kariakoo tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, alichaguliwa kuongoza wanawake wa TANU, akawaandikisha maelfu kwa kupitia vikundi vya ngoma na urafiki wa mitaani.

Historia ya Bibi Titi mwenyewe inaonyesha jinsi nafasi ya mwanamke ilivyokuwa nyembamba. Mwaka 1962 aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT) ulipoanzishwa, lakini mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kukataza viongozi kupangisha nyumba, aliachia nafasi yake katika uongozi wa chama, kwa kuwa nyumba za kupangisha ndizo zilizokuwa tegemeo lake. Azimio lilimgusa kila kiongozi, ila kwa mwanamke asiye na elimu ya juu wala mshahara mkubwa nyumba ilikuwa karibu njia pekee ya kujiwekea akiba. Baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini, akaachiliwa 1972. Alifariki mwaka 2000.

Baada ya uhuru serikali na mashirika ya umma yaliwaajiri wanawake wengi kuliko zamani, lakini kwa kazi chache: ualimu, uuguzi, ukarani, uchapaji na ukatibu muhtasi. Ukatibu muhtasi ulikuwa na kasoro ya pekee. Ulimweka mwanamke karibu kabisa na mlango wa mkurugenzi, ila ngazi yake haikuelekea kwenye kiti cha mkurugenzi. Iliishia kwenye kuwa katibu muhtasi wa mkubwa zaidi. Kuhusu wafanyakazi wa chini, Marja-Liisa Swantz na Deborah Bryceson walifanya utafiti wa wanawake wa kima cha chini na waliojiajiri jijini mwaka 1973/74, na uchunguzi wao umebaki kuwa chanzo muhimu kwa kipindi hicho. Mwaka 1975 Tabitha Siwale na Julie Manning wakawa wanawake wa kwanza nchini kushika uwaziri kamili.

Katika miaka ya 1980 thamani ya mishahara ilianguka kiasi kwamba familia nyingi za mjini hazikuweza kula mwezi mzima kwa mshahara wa baba. Wanawake walianzisha "miradi": ufugaji wa kuku, ushonaji, barafu, maandazi. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwasumbua wengi wao kwa kuwahesabu kuwa watu wasio na kazi, ingawa jioni ndio waliokuwa wakinunua unga. Mtafiti Aili Mari Tripp aliandika kwa kirefu kuhusu miradi hiyo. Kuanzia hapo Kariakoo ikawa mahali pa kazi pa wanawake wengi zaidi, wakiwemo waliotoka ofisini kwa hiari au kwa kupunguzwa.

Ngazi ya Kariakoo

Kupanda katika biashara ya Kariakoo hakuandikwi popote, lakini hatua zake zinajulikana. Kijana huanza kwa kubeba mizigo, kuchuuza barabarani au kuwa winga, yaani mtu anayewavuta wateja hadi dukani na kulipwa kwa kila mauzo. Akizoeleka anakuwa muuzaji wa ndani, kisha anaaminiwa ufunguo wa duka. Hatua inayofuata ndiyo kubwa kuliko zote: kupewa mali kauli. Hii ni bidhaa inayochukuliwa bila malipo, kwa neno tu, ili ilipwe ikishauzwa. Kwa mali kauli mtu asiye na mtaji anaweza kukusanya wa kwake, akapata fremu, akalipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo na kilemba kwa anayemwachia nafasi. Wachache huendelea hadi kusafiri wenyewe kufuata mzigo Dubai, Istanbul au Guangzhou.

Wanawake wapo katika kila hatua hiyo, na wafanyabiashara wakubwa wanawake Kariakoo si wageni. Hata hivyo kila hatua ina uzito zaidi kwao. Mwanzo wenyewe ni wa kiume: wabeba mizigo ni wanaume, na mawinga wengi ni wanaume, kwa sababu kazi hiyo ni ya kusimama barabarani na kumshika mteja mkono. Binti huingia moja kwa moja kama muuzaji wa ndani, ambako anathaminiwa kwa uaminifu na lugha nzuri kwa mteja. Sifa hizo humfaa mwenye duka, na mara nyingi ndizo zinazomfanya asimwachie aondoke. Anabaki kaunta miaka huku kijana aliyekuwa akimletea wateja keshapata fremu.

Mali kauli nayo hutolewa kwa watu waliojuana kwenye upakuaji wa kontena usiku, kahawa ya jioni, msikitini, kwenye mpira au kwa undugu wa nyumbani. Mwanamke anayetakiwa kuwa kwake kabla ya giza hayupo pale makubaliano yanapofanyika. Akiwa na mume, hutokea mwenye mali akauliza kwanza kama mume ana habari; mwanamume mwenye mke haulizwi hivyo. Asiye na mume naye husemwa kwamba mzigo aliopewa una bei nyingine. Maneno ya aina hiyo hayahitaji kuwa ya kweli ili yamharibie mtu biashara, na wapo wanawake wanaoacha kuomba mali kauli ili wasisemwe tu.

Benki haikuwa njia rahisi ya kukwepa hayo. Mkopo mkubwa huhitaji dhamana, na dhamana iliyozoeleka ni hati ya nyumba au kiwanja, ambayo katika familia nyingi imeandikwa jina la mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mwanamke kumiliki mali yake mwenyewe, na katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Uamuzi huo ni mkubwa, lakini unamsaidia mwanamke wakati ndoa inavunjika. Haumpi hati ya kupeleka benki wakati ndoa ipo.

Kwa hiyo wanawake hutegemea fedha zao wenyewe. Upatu, unaoitwa pia mchezo, huongozwa na kijumbe anayekusanya na kugawa kwa zamu. Vikoba hukopesha wanachama kutokana na hisa zao. Njia hizi ni za kuaminika na zimesomesha watoto wengi, ila kiasi chake hutosha kuongeza bidhaa mezani, mara chache kulipia fremu. Anayehitaji zaidi kwa haraka huangukia mikopo inayojulikana mjini kama "kausha damu", yenye riba kubwa na marejesho ya kila siku au kila wiki, ambapo mali za ndani huchukuliwa mkopaji akichelewa. Serikali ilijaribu kuziba pengo hili kwa njia mbili. Benki ya Wanawake Tanzania ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2009, lakini mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta. Mwaka huohuo 2018 sheria ilizilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na matatizo ya usimamizi, ikarejeshwa 2024.

Mama lishe ni hadithi tofauti kidogo. Yeye ni mwajiri, mara nyingi ana wasichana wawili au watatu, na bila yeye wapakuzi na wauzaji wa Kariakoo wasingekula mchana. Lakini biashara yake haina hatua ya juu iliyo wazi. Nafasi ya kupikia ni ya kuhamishwa wakati wowote, kama ilivyotokea kwa wachuuzi wengi walipoondolewa barabarani mwishoni mwa 2021. Soko kuu lenyewe, jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliungua tarehe 10 Julai 2021, na soko la Karume lililo jirani liliungua Januari 2022. Moto huwakuta wote, ila mwenye bima na akaunti ya benki huanza upya mapema kuliko mwenye mtaji wote mezani.

Matusi ni kikwazo kingine ambacho ofisini hakionekani kwa sura hiyo. Maneno machafu na kushikwashikwa viliwahi kuchukuliwa kuwa "lugha ya sokoni". Shirika la Equality for Growth, lililoanzishwa 2008, liliendesha katika masoko ya jiji, likiwemo la Mchikichini, kampeni iliyoitwa "Mpe Riziki, Si Matusi". Wafanyabiashara wenyewe walifundishwa kuwa wasaidizi wa sheria, na masoko yakaweka kanuni dhidi ya udhalilishaji. Jina la kampeni lilichaguliwa vizuri, kwa kuwa lilisema na mnunuzi, muuzaji na kiongozi wa soko kwa pamoja.

Ofisini

Upande wa Posta vikwazo vimejificha zaidi, maana karatasi zote zinasema usawa. Mwanamke mwenye shahada huajiriwa kwa mshahara uleule wa mwenzake wa kiume. Tofauti huanza miaka mitano au kumi baadaye, na mara nyingi huanzia kwenye uzazi. Anaporudi likizo hukuta mafunzo ya nje yamekwenda kwa mwingine, au wateja wake wakubwa wamegawiwa. Hakuna aliyemshusha cheo, amepitwa tu. Claudia Goldin, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwa nchi tajiri kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya kipato kati ya wanaume na wanawake wa kazi moja hutokea baada ya kuzaliwa mtoto wa kwanza.

Umbali huongeza tatizo. Wafanyakazi wengi wa katikati ya jiji hukaa Mbagala, Gongo la Mboto, Mbezi au Tegeta. Mabasi yaendayo haraka yalianza 2016 na vituo vyake vya Kivukoni na Gerezani viko ndani ya eneo hili, lakini foleni na msongamano bado hula saa nyingi. Mwanamke anayeamka saa 10 alfajiri kuandaa watoto hawezi kwa urahisi kubaki kikao cha saa 12 jioni, na kwenye vikao hivyo ndiko sura hukumbukwa wakati wa kupendekeza majina.

Anayeweza kubaki kwa kawaida ana msaidizi nyumbani. Jambo hili husahauliwa mno katika makala za kusifu wanawake waliofanikiwa: nyuma ya cheo cha mwanamke mmoja wa mjini kuna dada wa kazi, mara nyingi binti aliyetoka mkoani. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na cha mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 60,000. Baba wa nyumba hiyo hahesabiwi katika mpango wowote kati ya hii. Sheria inampa mwanamume likizo ya siku zisizopungua 3 tu mtoto anapozaliwa.

Rushwa ya ngono ndiyo kikwazo kizito kuliko vyote, na kisichosemwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mtu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, kupandisha cheo, haki au upendeleo. Kabla yake, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, iliyopiganiwa na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) pamoja na wengine, ilifanya udhalilishaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai. Ugumu uko kwenye ushahidi: dai hutolewa bila shahidi, na anayelalamika hubaki chini ya bosi yuleyule. Mwaka 2024 lilipelekwa bungeni pendekezo la kumhesabu mtoaji wa rushwa hiyo naye kuwa mkosaji. Mashirika ya wanawake yalilipinga kwa hoja kwamba lingewafunga midomo waathirika, nalo likaondolewa.

Sheria za kazi na mipaka yake

Katiba ya 1977 inakataza ubaguzi katika ibara ya 13, na jinsia iliongezwa katika tafsiri ya ubaguzi kwa marekebisho ya mwaka 2000. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake (CEDAW) mwaka 1985, na Mtanzania Gertrude Mongella ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995.

Sheria yenye uzito zaidi kazini ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na inahesabu udhalilishaji kuwa aina ya ubaguzi. Inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mwanamke ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, haki ya kurudi kwenye kazi ileile, na muda usiozidi saa 2 kwa siku wa kunyonyesha. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kwa mwajiriwa wa benki haki hizo ni za kweli. Kwa muuzaji wa duka Kariakoo aliyeajiriwa kwa mdomo, ni vigumu kuzidai. Sheria inamtaka mwajiri kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi, na shauri likifika mbele ya sheria asiyeyatoa ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha, jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Aliye chini ya miezi 6 kazini hana likizo yenye malipo wala kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali, na katika maduka yanayobadilisha wasichana mara kwa mara muda huo hautimii. Kuhusu kupandishwa cheo, sheria inakataza ubaguzi lakini haimlazimishi mwajiri kueleza kwa nini jina fulani lilirukwa.

Mabadiliko

Tangu tarehe 19 Machi 2021 Tanzania imeongozwa na Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Katika benki, Ruth Zaipuna aliteuliwa 2020 kuongoza NMB, yenye makao makuu katikati ya jiji, akiwa Mtanzania mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Chama cha Waajiri Tanzania (ATE) kilianza mwaka 2016, kwa ushirikiano na waajiri wa Norwei, programu ya Female Future inayowaandaa wanawake wa makampuni kwa uongozi na ujumbe wa bodi. Programu hiyo inategemea mwajiri kumchagua na kumlipia mshiriki, hivyo haimfikii mwanamke ambaye bosi wake hajamwona.

Mwaka 2025 Kariakoo ilizinduliwa rasmi kuwa eneo la biashara kwa saa 24. Kwa mali kauli na kontena za usiku, hiyo ni fursa iliyokuwa ya wanaume kufunguliwa kwa wote, endapo kuna taa, vyoo, ulinzi na basi la kurudi nyumbani. Sheria ya 2004 inakataza kumpangia kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, mwanamke aliyebakiza miezi 2 kujifungua au aliyejifungua karibuni, na inataka mwajiriwa wa usiku aongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Kifungu hicho kinamhusu mwenye mwajiri. Mwanamke mwenye fremu yake, winga na mama lishe hujipangia wenyewe, pamoja na nani atakayelala na watoto.